Naomba ushauri: mama akiona simu ya kurekodi anabadilika

Hamjambo wenzangu. Mama yuko nasi hapa Buruburu, Nairobi, tangu mvua za masika ziishe, na baridi hii ya Julai imemfungua mdomo. Akiwa jikoni anachambua maharagwe, chai ya tangawizi pembeni, hutoa hadithi moja baada ya nyingine. Miaka haihesabu kwa tarehe. Mimi nilizaliwa "baada ya ile njaa", yaani ya 1984. Kitinda mimba wetu ni wa mvua za El Niño, kwa hiyo ni 1997 au mapema 1998. Na Oktoba kwake ni jakaranda zikimwaga maua barabarani, na baba (Mungu amrehemu) akirudi kazini na mahindi ya kuchoma yaliyofungwa kwenye gazeti.

Sasa, nikitoa simu nimrekodi, anakaa wima na kuongea kama yuko mbele ya chifu. Vicheko vyote vinapotea. Nimejaribu kuandika usiku akishalala, lakini maneno yanatoka yangu, si yake. Dada yangu anasema nimrekodi kisirisiri. Mimi naona huko ni kumkosea heshima, hata kama ni mama yetu.

Mliowahi kurekodi wazazi, mlifanyaje hadi wakaizoea simu? Na sauti zenyewe mnazihifadhi wapi, maana simu za mjini humu huibwa ovyo? Anarudi nyumbani mwisho wa Agosti.