Naomba ushauri: kisu cha kuwindia cha bei ya kawaida, nitajuaje ni kizuri?

Wakuu habari zenu, niko Dodoma mjini, natafuta kisu kisichokunjika cha kuchunia tukienda kuwinda upande wa Kondoa (vibali vipo jamani, msianze). Pale soko la Sabasaba nimeona kimoja kinang'aa balaa, kimeandikwa stenlesi, ila ukikishika mpini wa plastiki unacheza, nahisi chuma hakijafika mwisho, kamkia kafupi tu kamegandishwa na gundi. Kuna fundi mwingine anafua kwa springi ya gari, chuma kinapita mpini wote, riveti tatu, sema kinashika kutu usipokipaka mafuta. Hiki ndo nakiamini zaidi ila ntajuaje kimetiwa maji vizuri (yaani kupashwa moto kisha kupozwa ghafla ili chuma kiwe kigumu), kisije kikameguka kwenye mfupa au kikapinda? Nikipitisha tupa kwenye makali ikateleza bila kung'ata inatosha au kuna kipimo kingine?