Maneno nayajua, sentensi inanishinda: nianzie wapi na Kiingereza cha chuo?

Sosholojia Mwaka wa Kwanza

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Nasoma sosholojia, mwaka wa kwanza, katika chuo kimojawapo hapa Dodoma. Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba, kisha nikaingia sekondari ya kata ambako lugha ya kufundishia ilikuwa Kiingereza, ingawa kwa hali halisi mwalimu aliandika ubaoni kwa Kiingereza, akaeleza kwa Kiswahili, nasi tukanakili na kukariri. Utaratibu huo ulinivusha kidato cha nne na cha sita, lakini hapa chuoni umefika mwisho wake. Tunapewa makala ndefu tuzisome kabla ya semina, na kila ninapozisoma nakuta kwamba maneno mengi nayafahamu, na nisiyoyafahamu nayatafuta kwenye kamusi, ila nikifika kwenye nukta sijui mwandishi amesema nini. Mfano ni sentensi hii, ambayo nimeisoma mara nyingi bila mafanikio:

"The failure of the scheme to raise output has been attributed less to the policy itself than to the manner in which it was implemented."

Mimi nilielewa kwamba sera ilishindwa. Mwenzangu katika semina akasema mwandishi anasema karibu kinyume cha hapo.

Asainmenti yangu ya kwanza nayo imerudi ikiwa na wino mwekundu kila mstari, na chini mhadhiri ameandika kwamba sarufi ni mbovu na swali halikujibiwa. Swali lilianza kwa "Account for the growth of informal settlements", nami nikaeleza kwa kirefu makazi hayo yalivyo. Nimeshanunua kitabu cha sarufi na mazoezi yake nayaweza, lakini nikirudi kwenye makala sioni badiliko lolote. Naomba ushauri wa waliopita njia hii. Tatizo langu ni msamiati, ni sarufi, au ni kitu kingine? Mitihani ya mwisho wa muhula haiko mbali, na sapu, yaani mtihani wa marudio, siitaki.

Mwalimu wa Stadi

Mdogo wangu, karibu. Nafundisha kozi ya stadi za mawasiliano, ile ambayo wanafunzi wengi huiona kuwa ya kujaza ratiba tu, kwa hiyo swali lako ni la kazi yangu ya kila siku. Tatizo lenyewe si geni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha kitengo cha kufundisha stadi hizi tangu mwaka 1978, na ripoti ya wataalamu wa Uingereza, Criper na Dodd, ya mwaka 1984 ilieleza waziwazi kwamba Kiingereza cha wanafunzi wetu wa sekondari hakikutosha kubeba masomo waliyokuwa wakifundishwa kwa lugha hiyo. Usijione mzito wa akili.

Sasa tuishike sentensi yako, kwa sababu ndani yake mna karibu kila kitu kinachokusumbua. Wewe unaisoma neno kwa neno kuanzia kushoto, ukitafsiri kila unapokanyaga. Kiingereza cha kitaaluma hakisomeki hivyo. Kwanza tafuta kitenzi kikuu, nacho hapa ni "has been attributed". Kila kilicho kabla yake, maneno manane mazima, ni kiima kimoja tu, na kichwa cha kiima hicho ni nomino "failure". Yanayofuata yanaijibia maswali nomino hiyo: kushindwa kwa nani, na kushindwa kufanya nini. Sisi tungesema kwa wepesi "mpango ulishindwa kuongeza uzalishaji", tukaweka kitenzi mbele ya macho ya msomaji. Mwandishi wa Kiingereza cha chuo amekichukua kitenzi hicho akakigeuza nomino, kisha akaijengea sentensi nyingine juu yake. Ukizoea kumgundua anapofanya hivyo, na atafanya hivyo karibu kila aya, utakuwa umevuka sehemu ngumu kuliko zote.

Baada ya kitenzi, angalia kauli ya kutendwa isiyotaja mtenda. Nani amehusisha kushindwa huko na chanzo fulani? Ni waandishi waliotangulia, si lazima huyu unayemsoma. Tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu wanafunzi wengi humbebesha mwandishi maoni anayoyaripoti tu, na pengine ukurasa wa pili anayapinga. Kisha angalia mizani ya "less to" na "than to". Katika mizani hiyo uzito uko upande wa pili. Kwa hiyo anasema hivi: mpango haukuongeza uzalishaji, na inaelezwa kwamba sababu kubwa ni jinsi sera ilivyotekelezwa kuliko sera yenyewe. Mwenzako alikuwa sahihi. Wewe uliokota "failure" na "policy" ukayaunganisha kwa kukisia, na hakuna kamusi ambayo ingekuzuia.

Hii ndiyo sababu kitabu chako cha sarufi hakijakusaidia. Mazoezi yake yana sentensi fupi za watu wanaokwenda sokoni na kupanda treni, ilhali makala zako zina viima vya mstari mzima. Kiweke kando kwa sasa, ukifungue unapotaka kuhakiki jambo mahususi. Badala yake, kila siku chukua aya moja ya makala uliyopewa darasani, pigia mstari kitenzi kikuu cha kila sentensi, zungushia duara kichwa cha kiima, halafu weka alama kwenye viunganishi vinavyogeuza mwelekeo wa hoja, kama "however", "whereas", "unless" na "rather than". Ukimaliza, funga karatasi na uandike kwa maneno yako, kwa Kiingereza chepesi, mwandishi amesema nini. Mwanzoni aya moja itakula saa nzima. Usiongeze ya pili.

Kuhusu msamiati, watafiti wa usomaji hukadiria kwamba ili mtu asome kwa raha bila msaada anahitaji kufahamu takribani asilimia 98 ya maneno yaliyo mbele yake, yaani akutane na neno geni moja tu katika kila maneno 50. Makala yako ikiwa na maneno mageni matano katika kila mstari, huko si kusoma, ni kufumbua mafumbo. Tafuta kwanza maelezo mepesi ya mada hiyohiyo, hata ya kitabu cha utangulizi au ya ensaiklopidia ya mtandaoni, ndipo uirudie makala. Vilevile tafuta orodha ya maneno ya kitaaluma iliyotolewa mwaka 2000 na Averil Coxhead wa New Zealand. Ina familia 570 za maneno ambayo hujirudia katika fani zote na huchukua takribani asilimia 10 ya maandishi ya kitaaluma. Inapatikana bure, na maneno kama "attribute" na "implement" aghalabu ndiyo yanayoshikilia sentensi zinazokushinda.

Na hilo la "Account for": maana yake ni kutoa sababu za jambo kutokea. Wewe ulieleza jambo lenyewe lilivyo, hivyo mhadhiri wako hakuwa na namna ya kukupa alama. Omba mitihani ya miaka iliyopita, uorodheshe vitenzi vyote vya maswali, na ujifunze kila kimoja kinadai kazi gani. "To what extent", kwa mfano, inakutaka uamue kiasi na ukitetee. Ukijibu ndiyo au hapana pekee, umejibu nusu ya swali.

Mhitimu Mtarajiwa

Naunga mkono maelezo ya Mwalimu, ila nina nyongeza ambayo pengine hataipenda. Tume ya Makweta, yaani tume ya rais iliyochunguza elimu nchini Tanzania, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika kufundishia sekondari kuanzia 1985, serikali haikulitekeleza pendekezo hilo, na sisi tumelipa gharama yake. Lakini kwa kuwa mitihani yako ya muhula huu haisubiri mjadala huo uishe, kitumie Kiswahili palepale kinapokufaa, yaani katika kuelewa.

Kikundi chetu cha majadiliano kilikuwa na utaratibu mmoja. Makala iligawanywa, kila mtu akapewa sehemu yake, na siku ya kukutana kila mmoja alieleza hoja ya sehemu hiyo kwa Kiswahili bila kusoma popote. Anayebabaika alikuwa hajaelewa, na hilo lilionekana mara moja, kwa sababu katika Kiswahili hakuna pa kujificha. Baada ya kubishana na kukubaliana, ndipo kila mtu aliandika aya yake kwa Kiingereza, tukabadilishana na kusahihishana. Vikundi vinavyolazimisha Kiingereza tangu mwanzo huishia kusomeana slaidi za mhadhiri, na vile vinavyobaki kwenye Kiswahili hadi mwisho hukwama mbele ya karatasi ya mtihani. Madesa, yaani notisi zilizoachwa na waliotangulia, yatakusaidia kujua maswali yanayopendwa, lakini hayatakufundisha kusoma.

Mhariri wa Mombasa

Nawasalimu kutoka Kenya, ambako watoto huanza masomo kwa Kiingereza mapema zaidi kuliko kwenu, na bado tasnifu ninazoletewa kuhariri zina makosa yaleyale. Ukiyatazama vizuri, utagundua kwamba mengi ni Kiswahili sahihi kilichovalishwa Kiingereza, na kwa hiyo yanaweza kuwindwa moja baada ya jingine.

Linaloongoza ni kurudia kiima. "Wanafunzi wanalalamika" ina nomino na kiambishi cha nafsi, basi mtu huandika "The students they complain". La pili linajificha zaidi: sisi husema "nimemaliza kidato cha sita mwaka 2022" bila tatizo, lakini Kiingereza kikishataja wakati uliokwisha hakikubali "have finished", kinataka "finished" peke yake. Halafu kuna "ingawa ... lakini", muundo unaokubalika kwetu, ambao huzaa "Although the sample was small, but the results were clear". Kiingereza hutaka kimojawapo, si vyote viwili. Kiambishi chetu "-ni" hutosha kwa kuwa shuleni, kwenda shuleni na kutoka shuleni, ilhali wao wana kihusishi tofauti kwa kila hali. Na "yeye" wetu hana jinsia, ndiyo maana mama wa mtu huitwa "he" katika aya moja na "she" katika inayofuata.

Vibainishi "a" na "the" nimeviacha makusudi. Hivyo huchukua miaka, na mhadhiri mwenye busara hatakunyima alama nyingi kwa ajili yake. Shughulika kwanza na makosa yanayobadilisha maana.

Namna ya kuwinda ni hii: rudia asainmenti yako yenye wino mwekundu, uyapange makosa kwa aina, uchukue aina mbili zinazojitokeza zaidi. Kabla ya kukusanya kazi nyingine, ipitie nzima ukitafuta aina ya kwanza tu, kisha uipitie upya ukitafuta ya pili. Anayetafuta makosa yote kwa mpigo mmoja haoni hata moja.

Sosholojia Mwaka wa Kwanza

Shikamoo Mwalimu, na nawashukuru nyote. Jana jioni nilijaribu kutafuta vitenzi vikuu katika aya moja ya makala ya wiki hii, na angalau sasa naona mahali ninapopotea. Nina maswali mawili yaliyobaki. La kwanza ni kuhusu mihadhara: neno ambalo kwenye karatasi nalitambua, mhadhiri akilitamka linanipita kama sijawahi kuliona. La pili, wenzangu wengi huandika kwa Kiswahili na kuzipa programu za akili unde kazi ya kugeuza. Je, kuna ubaya?

Mwalimu wa Stadi

Marahaba. Kwenye kusikiliza, chanzo ni mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na hutamka kila irabu kikamilifu, wakati Kiingereza huhamisha mkazo na kumeza irabu zisizo nao. Linganisha "economy" na "economic": la kwanza lina mkazo kwenye "co", la pili kwenye "no", na silabi zilizobaki hufifia. Unapojifunza neno jipya, basi, lisikilize kwenye kamusi ya mtandaoni yenye sauti na uweke alama kwenye silabi yenye mkazo, la sivyo utakuwa umejifunza nusu yake. Pitia pia slaidi usiku wa kabla ya muhadhara, uyatoe maneno magumu na uyasikilize, ili darasani masikio yako yafuate hoja badala ya kuhangaika na maneno. Mhadhiri akiridhia, rekodi, kisha sikiliza tena zile dakika chache tu zilizokupita.

Kuhusu programu hizo, soma kwanza kanuni za chuo chako, kwa maana vingine huhesabu jambo hilo kuwa udanganyifu. Zaidi ya hapo, katika chumba cha mtihani utakuwa na kalamu na karatasi tu. Andika mwenyewe kwa Kiingereza hichohicho ulicho nacho, kisha iagize programu ikuoneshe mahali penye kosa na aina ya kosa bila kukuandikia upya, urekebishe kwa mkono wako. Ikikurudishia aya iliyokwisha kunyooshwa, utavutiwa nayo, utaikusanya, na kosa lilelile utaliandika tena wiki ijayo.

Ukipenda, weka hapa aya moja uliyoiandika wiki hii, bila kuisahihisha, tuitazame pamoja na Mhariri.