Lumefantrini kwenye chembe nano za mafuta: fuwele zinatoka wapi?

Swali (Malindi): Habari zenu. Nimetia lumefantrini (dawa ya malaria) kwenye chembe nano, yaani chembe ndogo mno, za tristearini (mafuta magumu): mafuta 5%, poloksama 188 (kichanganyishi cha mafuta na maji) 2%. Zikitoka mashineni ni nyeupe kama maziwa. Zikikaa kwa joto la huku, darubini inaonyesha sindano za fuwele. Nirekebishe wapi?

Jibu: Tristearini peke yake ndiyo shida, ndugu yangu. Ikipoa huganda kwa umbo la fuwele liitwalo alfa, lenye nafasi ya kubeba dawa. Baadaye hugeuka umbo la beta, hujibana, na dawa husukumwa nje. Badili 30% ya mafuta hayo kwa asidi ya oleiki (mafuta ya majimaji), ambayo lumefantrini huyeyuka ndani yake vizuri. Yeyusha kwa 80°C, na maji ya poloksama yawe moto uleule. Yakiwa baridi, mafuta huganda kabla hayajasagika.

Jibu: Naunga mkono. Weka kwenye friji, usigandishe. Poloksama nayo usizidishe ovyo: ikifunika chembe sana, lipasi ya utumbo (kimeng'enya cha mafuta) haishiki mafuta upesi, na mmeng'enyo huo ndio unaoifikisha dawa kwenye nyongo ili ifyonzwe. Kwa wanaomeza vidonge vya kawaida vya lumefantrini, wapeni maziwa, tafadhali, gramu 1.2 tu za mafuta husaidia mno.

Muulizaji: Shukran sana.