Nataka kuwa kocha wa viungo shule ya sekondari, naanzia wapi?

msaka_njia

Wakuu habari zenu. Niko mwaka wa mwisho degree ya sayansi ya michezo na ninachokitaka ni kimoja tu, kuwa kocha wa viungo kwenye shule ya sekondari. Sio kocha mkuu wa timu, namaanisha yule anayewashika wanamichezo wa shule nzima kwenye nguvu, spidi, pumzi na kuwakinga na majeraha. Sasa kila ninayemuuliza ananipa lake, huyu anasema bila CSCS, kile cheti cha ukocha wa nguvu na viungo, hakuna atakayekuangalia, mwingine kasomee ualimu kwanza, mwingine we ingia jimu fundisha watu mengine yatakuja yenyewe. Alafu mi mwili wangu wa kawaida tu, sijawahi kucheza ligi yoyote ya maana, ukikutana na mimi njiani huwezi kudhani nashika chuma. Hivi watoto wa miaka 14 mpaka 18 watanisikiliza kweli? Na wazazi je, maana wengi bado wanaamini mtoto akibeba vyuma anadumaa. Mliomo kwenye hii kazi naombeni muongozo.

chuma_na_chaki

Karibu mkuu. Nianze na karatasi maana ndo swali jepesi. CSCS inatolewa na NSCA, chama cha makocha wa nguvu na viungo cha Marekani, kilianza 1978 na cheti chenyewe kipo tangu 1985. Ili ufanye mtihani lazima uwe na degree au uwe mwaka wa mwisho kama wewe, pamoja na cheti cha kuokoa mtu aliyesimama moyo, yani CPR na kutumia mashine ya kushtua moyo, AED. Mtihani una sehemu mbili, ya sayansi na ya vitendo, na unatakiwa ufaulu zote, usidharau ya vitendo eti kwa sababu unajua kupiga skwati, kuchuchumaa na uzito, kule unaonyeshwa mtu ananyanyua unaulizwa kosa liko wapi na utamrekebishaje. Ukikipata unakihuisha kila baada ya miaka 3. Uingereza wana chama chao UKSCA, Australia wana ASCA, kwahiyo angalia kwanza unapotaka kufanya kazi wanatambua kipi kabla hujatoa hela yako.

Ila cheti kinakufikisha mlangoni tu. Ndani kuna watoto 36, rafu 6 za skwati, yani fremu za kuwekea fimbo ya chuma, kipindi dakika 45, toa muda wa kubadili nguo kuingia na kutoka unabaki na kama 30. Ufanyeje? Kila rafu watoto 6, unawagawa watatu watatu. Watatu wako kwenye chuma, mmoja ananyanyua, mmoja anamlinda, mmoja anaandika kilo na marudio kwenye kadi, na wale watatu wengine wako chini wanafanya planki na miruko midogo, filimbi ikilia wanapishana. Usipopanga hivo utakuta 6 wananyanyua na 30 wanapiga stori na kurushiana mataulo, na hapo ndo mtu anaangukiwa na sahani ya chuma mguuni. Wewe usiingie kunyanyua nao, simama sehemu unayoona rafu zote, mgongo ukutani. Haya mambo hayafundishwi kwenye anatomia, ni ualimu, ndo maana mi nasema ongeza mwaka wa ualimu kama unaweza, na shule nyingi zinapenda mtu ambaye anaweza kupewa vipindi pia.

kivuli_cha_kocha

Chaki kaongea vizuri ila hapo kwenye kuongeza mwaka darasani napingana nae. Dogo bado hajajua kama kazi yenyewe anaiweza, unamrudisha tena chuo kufanya nini. Mkuu tafuta kocha anayefanya kazi hiyo sasa hivi, muombe ukae nae msimu mzima bure, panga sahani, futa mabenchi, washike watoto wakati wa kupasha misuli, usikilize anavyoongea nao. Ukitoka hapo utajua mwenyewe kama unahitaji ualimu, na huyo huyo ndo atakuandikia barua ya kukutambulisha, maana nafasi nyingi za hivi zinapita kwa watu wanaojuana kabla hata ya kutangazwa.

Kuhusu kutokuwa staa, hebu msome Boyd Epley wa Chuo Kikuu cha Nebraska. Alikuwa mruka upondo aliyeumia, akawa anashinda kwenye chumba cha vyuma kujitibu, makocha wa futiboli ya Kimarekani wakagundua wachezaji wao majeruhi wanaomfuata wanarudi na nguvu kuliko walivyoondoka, wakamwajiri 1969. Ndo huyo huyo aliongoza kuanzisha NSCA. Hakuna aliyemuuliza alifunga magoli mangapi.

mwanga_wa_asubuhi

Mwili wa kawaida ni faida bana. Mtoto mwembamba akimkuta kocha ana misuli kama ukuta anajiona hapa sio kwake. Wanaonitisha mimi ni makocha wanaoenda kuonyesha wao wanabeba ngapi.

bintiwaspidi

Nijibu hilo la kudumaa maana wazazi watakuuliza wiki ya kwanza kabisa. Hakuna ushahidi kwamba mazoezi ya nguvu yanayosimamiwa vizuri yanamzuia mtoto kurefuka. Majeraha ya sehemu za kukulia za mifupa yapo, ila yanatokana zaidi na kunyanyua vibaya, uzito wa sifa na kukosa mtu wa kusimamia. Muongozo wa NSCA wa vijana wa 2009 uko wazi, anayeanza apige seti 1 mpaka 3 za marudio 6 mpaka 15, mara 2 au 3 kwa wiki siku zisizofuatana, na uzito uongezwe kwa asilimia 5 mpaka 10 akishafanya kwa usahihi. Mpe mzazi maelezo hayo kwa lugha nyepesi, alafu mwalike aje akae aangalie kipindi kimoja, wengi wakishaona wanakuwa upande wako.

Kitu kingine, usiwapange kwa miaka. Wasichana wengi hurefuka kwa kasi zaidi wakikaribia miaka 12 na wavulana kama 14, lakini wanapishana sana, darasa moja utakuta mmoja ana ndevu mwenzie sauti haijavunjika. Huyo aliyerefuka ghafla ndo wa kumchunga, miguu imekuwa mirefu ubongo haujaizoea bado, jana alikuwa anaruka vizuri leo anajikwaa mwenyewe. Punguza uzito, rudi kwenye mbinu, usimkaripie.

Mfano wa skwati, wiki za mwanzo mi simpi mtu fimbo ya chuma mgongoni. Anashika dambeli moja kifuani kwa mikono miwili, viwiko vinatazama chini, anashuka mpaka viwiko viguse ndani ya magoti, anakaa pale anahesabu mpaka tatu, anapanda. Kisigino kikinyanyuka namtanulia miguu kidogo, magoti yakiingia ndani namwambia asukume sakafu kama anataka kuipasua katikati. Maneno mawili matatu basi. Ukimpa mtoto maelekezo sita kwa mpigo anakuangalia tu, hata la kwanza halifanyi.

Na wasichana usiwaache pembeni tafadhali, wanaumia kano ya ndani ya goti, ile ACL, kuliko wavulana kwenye michezo ya kuruka na kukata kona kama kikapu na soka. Wafundishe kutua, magoti yaelekee vidoleni. Ile programu ya FIFA 11+ ya kupasha misuli na kuzuia majeraha ni dakika kama 20, haihitaji vifaa zaidi ya mpira na koni chache, na ilitengenezwa kwa wachezaji wa miaka 14 kwenda juu, anza nayo kesho kutwa tu.

msaka_njia

Aisee asanteni sana, hili la magoti na la watatu watatu nimeandika kabisa. Swali la mwisho, makocha wa timu. Nasikia kuna wanaokuletea wachezaji baada ya kufungwa wanasema wakimbize mpaka watapike. Nikiwa mgeni na kijana nakataaje?

chuma_na_chaki

Unakataa kabla hujaombwa. Siku unapoajiriwa kaa na mkuu wa shule na mwalimu wa michezo, andikeni kwa maandishi kwamba chumba cha vyuma sio sehemu ya adhabu na programu inapangwa na wewe. Kocha akija amekasirika huna haja ya kubishana nae mbele ya watoto, unamwonyesha karatasi yenye saini ya bosi wake.

Na uwe na sababu zako mkononi. Mazoezi ya kukomoana, hasa watoto wakiwa ndo wametoka likizo, yanaweza kuvunjavunja misuli mpaka figo zikazidiwa, madaktari wanaita rabdomayolisisi. Dalili ni maumivu yasiyo ya kawaida, misuli kuvimba na mkojo mweusi kama chai ya rangi, huyo ni hospitali moja kwa moja sio kunywa maji akalale. Wenye vinasaba vya selimundu wako hatarini zaidi, ndo maana fomu ya afya ujaze mwanzo wa msimu na uisome, sio uifungie kabatini. Joto nalo hivo hivo, mtoto akianguka anaongea vitu havieleweki na mwili unaungua, mzamishe kwenye maji ya baridi hapo hapo huku gari la wagonjwa linakuja, kupoza kwanza kusafirisha baadae. Kwahiyo beseni kubwa na barafu viwepo kabla ya zoezi.

kivuli_cha_kocha

Hapo kwenye maandishi nakuunga mkono asilimia mia. Niongeze tu, makocha wa timu uwafanye marafiki. Kila mwezi mpelekee kila mmoja karatasi ya watoto wake, alikuwa anaruka kiasi gani na sasa hivi anaruka kiasi gani, mita 10 anakimbia kwa sekunde ngapi. Akishaona winga wake kaongeza spidi atakuja mwenyewe kukuuliza Jumanne tufanye nini.