Huyu bibi wa kona amenimaliza leo, tena MBELE YA MENEJA WANGU

Kikoi_na_Tai:

Ndugu zangu wa Mombasa, mikono bado inanitetemeka. Simtaji jina. Hakuna haja, mnamjua. Kuanzia Kibokoni mpaka Mwembe Tayari hakuna mlango asioujua, na hakuna hata mmoja anaoupigia hodi.

Leo alasiri niko kwenye mkutano wa video. Meneja yuko Nairobi, mteja yuko London, mimi niko chumbani na shati la mikono mirefu, nawatolea Kizungu changu cha kuombea nyongeza ya mshahara. Naona pazia linafunguka. Bibi huyo. Sahani mkononi, kawa juu yake. Akaja moja kwa moja mpaka mezani, akaitua sahani juu ya kibodi, JUU YA KIBODI, akainama mpaka uso wake ukajaa kwenye kamera, akawaambia wale watu: "Nanyi mnaomchezesha mtoto wa watu karata kutwa nzima, mpeni kazi!"

Mpeni kazi. Anamwambia meneja. Mtu anayenilipa mshahara.

Halafu akanishika kichwa akaniombea dua ya riziki. Ndefu. Kipaza sauti kiko wazi, hakuna aliyethubutu kukohoa, na ilipokwisha yule Mwingereza akaitikia "Amina".

Sasa haya kayatoa wapi? Mwaka 2020, siku za kafyu ile ya saa moja jioni, ofisi ilituambia tufanyie kazi nyumbani. Mtaa mzima tulikuwa ndani, nani angeuliza? Oktoba 2021 kafyu ikaondolewa, watu wakarudi makazini, sisi tukaambiwa tubakie huko huko. Basi bibi akapiga hesabu zake: wenzake wamerudi, huyu hajarudi, kafukuzwa huyu, aona haya kusema. Na kwa vile London wako nyuma yetu saa mbili, wakiingia baridi saa tatu, kazi yangu inakolea mchana na kwenda mpaka usiku. Asubuhi ananikuta kibarazani na kikombe cha kahawa. Kwake huo ni ushahidi tosha.

Tokea hapo mimi ndiye mpokea gesi wa mtaa. Mkokoteni wa maji ukija, "mwulizeni yule asiye na kazi". Mtoto akirudi madrasa mapema, akae kwangu. Mwezi uliopita nikaachiwa mbuzi, ati nimwangalie mara moja tu, yeye afika Kongowea. Mbuzi aliingia mkutanoni na akachangia kuliko baadhi ya wenzangu wa Nairobi.

Yote hayo nilimeza. Lakini MPENI KAZI? Mbele ya mteja? Mchuzi wa mbaazi umeingia kwenye kibodi, herufi ya A inanataaa mpakaaa saaa hii, na kwenye kikundi cha ofisi meneja keshanibadilisha jina, sasa naitwa "Mpeni Kazi".

Nshachoka wallahi. Huyu hana wajukuu wa kuwaonea huruma?

Mla_Viazi_Karai:

Hebu tuelewane. Umeletewa mbaazi na mahamri mpaka mezani, bure, na dua juu, halafu umekuja kulalamika?

Kikoi_na_Tai:

JUU YA KIBODI.

Mla_Viazi_Karai:

Mahamri yalikuwa ya moto?

Kikoi_na_Tai:

Hilo si swali.

Bint_Makadara:

Alasiri yatakuwa ya moto wapi? Mbaazi huliwa asubuhi. Hayo ni mabaki, yakhe. Hata huruma umepewa iliyolala.

Mla_Viazi_Karai:

😂😂😂 Mfungieni uzi huyu, kesha kufa.

Bint_Makadara:

Lakini ngoja kwanza. Ni yule akaaye karibu na duka la mabuyu? Mrefu, sauti yatangulia mwili? Maana huyo ni shangazi yangu, kanilea, na ukimgusa tutagombana hapa hapa.

Kikoi_na_Tai:

Sitaji jina.

Bint_Makadara:

Kwa hivyo ni yeye.

Mama_Wawili_Nyali:

Mnamlilia huyu kaka, mimi wangu wa kazi ya nyumbani nimeolewa naye! Toka ahamishie ofisi sebuleni, blenda nisiwashe, televisheni nisifungue, watoto wacheke kwa zamu. Juzi nakuna nazi, mbuzi ya kukunia, ile ya kukalia, si ya huyu kaka. Akachomoza kichwa: "Mama watoto, tafadhali, niko na bodi." Nikakuna nazi kwa kuinyemelea kama mwizi. Na chai ataka kila mara. Huko ofisini alikuwa na nani wa kumpikia chai? Ningependa nimjue.

Kikoi_na_Tai:

Pole dada. Lakini hajakuingilia kazini akamwambia mkubwa wako akupe kazi. MPENI KAZI!

Winchi_la_Kilindini:

Nyinyi mna raha mpaka mnagombana na mbuzi. Mimi saa moja asubuhi niko gatini, na kontena haliletwi chumbani na kawa juu.

Mtu_wa_Likoni:

Mwambie! Leo nimesimama kivukoni, jua la kaskazi utosini, feri ikafika ikajaa mbele ya macho yangu. Nafika kazini nimeloa, nafungua simu nikute mtu mwenye pazia, kiti na feni analia.

Kikoi_na_Tai:

Feni siwashi. Kipaza sauti kinaipokea, London wakaniuliza kama niko kwenye helikopta.

Mla_Viazi_Karai:

Swali la mwisho kaka. Jina lako Kikoi na Tai. Bibi alipoingia, ulisimama?

Kikoi_na_Tai:

Nilisimama. Adabu.

Mla_Viazi_Karai:

Mbele ya kamera.

Kikoi_na_Tai:

Kikoi ni vazi la heshima.

Bint_Makadara:

Ndiyo maana kawaambia wakupe kazi! Kaona huna hata suruali.

Fundi_Waya:

Mimi kinachonikera si bibi wala mbuzi. Nyaya za intaneti za chini ya bahari zinatua hapa hapa kwetu tangu 2009. Waya mmoja wao, uitwao TEAMS, umetoka Fujairah huko Uarabuni ukaja kupanda Mombasa. Nairobi wao wanapelekewa kutoka huku. Na mimi mtu wa pwani, nikitaka kusikilizana na ofisi ya Nairobi, napanda darini nakaa juu ya tangi la maji nimeinua simu. Huo si uonevu?

Kikoi_na_Tai:

Kaka, uzi ni wa bibi.

Mama_Wawili_Nyali:

Tangi la maji? LINA MAJI?

Fundi_Waya:

Lilikuwa nayo Jumapili.

Mama_Wawili_Nyali:

Una bahati. Huku mfereji ukiufungua watoa upepo, halafu wakoroma.

Winchi_la_Kilindini:

Kwetu Mikindani hata kukoroma hakuna. Wenye mikokoteni nao wamepandisha bei ya mtungi, na maji yenyewe ya chumvi, sabuni haitoi povu. Ukiuliza unaambiwa ni ya chemchemi ya Mzima. Mzima gani? Hayo ni ya kisima cha nyuma ya gereji.

Mama_Wawili_Nyali:

Kuna kijana mmoja hukaa upande wa Makupa, yake matamu, na apandisha mpaka ghorofani bila kununa. Anayemtaka aje inboksi.

Kikoi_na_Tai:

Anafika Mji wa Kale? Ninahitaji mitungi mitano.

Mama_Wawili_Nyali:

Afika. Ila huja mchana, lazima awepo mtu nyumbani asiye na shughuli wa kumpokea.

Bint_Makadara:

😂😂😂

Mtu_wa_Likoni:

Na Likoni anavuka?

Winchi_la_Kilindini:

Mkokoteni kwenye foleni ya feri? Agiza leo, utaoga Ijumaa.

Mtu_wa_Likoni:

Ijumaa asubuhi au jioni?