Fremu ya trela la jiko la moshi, Mombasa: skwea tyubu, engo laini au chaneli?

MchomajiKisauni:
Salaam aleikum mafundi. Nataka kuunda trela la jiko la moshi la kuvutwa na pikapu, la kuuzia nyama na samaki kati ya Kisauni na Mtwapa, na mara nyingine kuvuka Likoni kwa feri. Jiko lenyewe ni tangi la bamba la milimita 6, kipenyo sentimita 60, urefu mita 1.5. Sanduku la moto ni la sentimita 60 kila upande, bamba lilo hilo, na litakaa nyuma. Fremu itakuwa mita 2.4 kwa 1.1, ekseli moja.

Chuma cha fremu bado sijanunua. Nimepewa rai tatu: skwea tyubu (bomba la pembe nne) ya milimita 50 kwa 50 geji 16, yaani unene wa milimita 1.5 hivi, kwa kuwa ni nyepesi, engo laini (chuma cha umbo la L) ya 50 kwa 50 unene 5, au chaneli (chuma cha umbo la U) ya 100 kwa 50. Mwengine asema aluminiamu ili niepukane na kutu kabisa. Ipi itabeba, ipi itadumu na hii hewa ya bahari, na je, chuma kilichopakwa zinki chafaa karibu na moto?

Fundi_Shimanzi:
Waaleikum salaam ndugu. Kabla ya kuchagua chuma, pima mzigo. Bamba la milimita 6 lina kilo 47 kwa mita mraba. Tangi lako pamoja na vifuniko viwili vya mwisho ni kama mita mraba 3.4, yaani kilo 160. Sanduku la moto lina pande 6, mita mraba 2.16, kilo 102. Ongeza dohani, wavu za kuchomea na milango, kilo 40, na kuni za siku moja, nyengine 40. Fremu yenyewe na mkono wa kuvuta weka kilo 90. Unavuta kilo 430 hivi bila magurudumu na ekseli.

Sehemu inayovunjika kwanza ni mhimili mkuu, yaani kile chuma kirefu cha ubavuni mwa fremu, pale juu ya ekseli, kwa sababu sanduku la moto linaning'inia nyuma yake. Ukijumlisha sanduku, majivu na kipande cha tangi kilicho nyuma ya ekseli, kila kimoja mara umbali wake, unapata kama kilo 100 kwa mita moja. Gawa kwa mihimili miwili, kisha zidisha kwa 3 kwa ajili ya mashimo na matuta: kila mhimili unapindwa kwa nguvu ya takriban niutoni-mita 1500. Sasa tazama kila chuma kinapata mkazo gani, kwa niutoni kwa milimita mraba:

Engo laini 50x50x5: karibu 490
Skwea tyubu 50x50 geji 16: karibu 330
Skwea tyubu 50x50x3: karibu 180
Tyubu 75x50x3, imesimama: karibu 100
Tyubu 100x50x3, imesimama: karibu 67
Chaneli 100x50: chini ya 40

Chuma cha kawaida huanza kupinda na kubaki kimepinda kwenye 250 hivi. Kwa hiyo rai mbili za kwanza ulizopewa zimeanguka kabla hujafika Bamburi. Ile ya 50x50x3 itabeba mwanzoni, lakini kiungo kilichochomelewa na kutikiswa kila siku hupasuka kwa mkazo mdogo kuliko huo, na kutu ikila nusu milimita huna akiba yoyote. Chaneli ni imara sana kubeba, ila ina kilo 10 kwa mita na hujinyonga kirahisi gurudumu moja likiingia shimoni. Tyubu hainyongeki hivyo.

Mimi nakwambia 75x50x3, au 100x50x3 ikiwa utaongeza meza au jiko la pili baadaye. Na isimamishe kwa upande mrefu! Ile ya 100x50 ikilazwa ugumu wake wa kupinda hushuka hadi thuluthi moja. Hili linakosewa kila siku, watu wanalaza tyubu ili trela lionekane chini.

Ukienda hadiweani beba mizani au venia (kifaa cha kupimia unene). Tyubu ya 75x50x3 ya mita 6 ina kilo 32 hadi 33. Ukiinyanyua ukakuta kilo 17, hiyo ni geji 16 hata kama imeandikwa 3 kwa chaki.

ChumviNaChuma:
Hesabu ya Fundi_Shimanzi naikubali. Nyongeza yangu ni kwamba hapa kwetu fremu haifi kwa mzigo, inafia ndani ya tyubu. Nje unaona rangi nzuri, ndani maji ya chumvi yameingia kwa tundu la bolti au mshono ulioachwa wazi, yanakaa kwenye kona ya chini na kuila kwa siri. Siku unapoona lengelenge la rangi, ukuta umeshakuwa kama bati.

Kuna njia mbili tu za kweli. Ya kwanza ni kuziba tyubu kabisa: kila ncha ipate kifuniko cha bamba la milimita 3, mshono uzunguke wote, na usitoboe tundu lolote baadaye. Hewa iliyo ndani ikishamaliza unyevu wake haina kingine cha kulia chuma. Taa, vitasa na kebo vifungwe kwenye vipande vya flati baa vilivyochomelewa nje. Ya pili ni kuacha wazi kwa makusudi: matundu ya milimita 10 sehemu ya chini kabisa kila upande, ili maji yatoke na hewa ipite. Kinachoua ni nusu kwa nusu, tyubu yenye tundu juu na isiyo na tundu chini.

Rangi: redi oksaidi, ile rangi nyekundu ya kwanza ya kuzuia kutu, peke yake haitoshi ukanda huu. Ondoa lile ganda jeusi-buluu la kiwandani kwa grainda yenye brashi ya waya, kwa sababu likibanduka linaondoka na rangi yako. Futa kwa thina, kisha siku hiyo hiyo, kabla jua halijatua, paka praima ya epoksi yenye zinki. Ukilaza chuma kilichosuguliwa usiku mmoja karibu na bahari asubuhi kimeshapata wekundu. Juu yake epoksi mkono mmoja, kisha rangi ya polyurethani. Kona na mishono ipakwe kwanza kwa brashi, maana rangi ya kupuliza hukimbia kwenye ncha kali.

Na ukiosha trela baada ya kuvuka kivuko, usitumie maji ya kisima. Visima vingi vya mjini vina chumvi yake. Tumia maji ya mfereji au ya mvua, na elekeza chini ya fremu, huko ndiko kwenye kazi.

Mwana_wa_Dohani:
Kuhusu zinki karibu na moto: usiweke. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419 za Selsiasi, na hata kabla ya hapo, ukipita nyuzi 200 kwa muda mrefu, huanza kubanduka. Kwenye sanduku la moto, kwenye wavu wa kuwekea nyama, kwenye sinia la mafuta, isiwepo kabisa. Samaki aliyetiwa ndimu au nyama ya ukwaju ikigusa zinki, asidi huiyeyusha ikaingia kwenye chakula. Kwenye mkono wa kuvuta na mihimili iliyo mbali na moto, zinki ni nzuri.

Ukichomelea tyubu ya zinki, isugue hadi chuma cheupe sentimita 5 kila upande wa kiungo, simama upepo ukikupiga mgongoni, usiinamie moshi. Ule moshi mweupe huleta homa na baridi usiku wake. Kunywa maziwa hakuzuii, hilo ni la kuambizana tu.

Aluminiamu iache. Ikichomelewa, ile ya aina ngumu hupoteza karibu nusu ya nguvu yake pale kwenye kiungo, joto la nyuzi 150 hadi 200 huilegeza, na ikifungwa kwa bolti za chuma kwenye hewa ya chumvi huliwa yenyewe. Chuma cha pua kiweke kwenye wavu na bawaba. Fremu nzima ya chuma cha pua ni pesa nyingi kwa faida ndogo.

Sasa jambo ambalo nyote hamjaligusa: chuma hurefuka kikipata moto. Tangi la mita 1.5 likitoka nyuzi 30 hadi 130 hurefuka kama milimita 2. Sanduku la moto kwenye nyuzi 450 hurefuka milimita 3 hivi, na linasukuma tangi. Ukilichomelea kila mguu kwenye fremu, kitu lazima kipasuke, na kwa kawaida ni mshono kati ya tangi na sanduku, moshi unaanza kutoka hapo. Fanya hivi: miguu ya upande mmoja, ule wa sanduku la moto, ichomelewe. Miguu ya mbele ya tangi ifungwe kwa bolti ya milimita 12 kwenye tundu refu la milimita 12 kwa 25, nati mbili zibanane zenyewe lakini zisikaze mguu, ili tangi liteleze.

Sanduku lisikae juu ya mhimili. Liinue kwa miguu ya engo laini (hapo ndipo engo yako ya 50x5 inafaa) liwe na nafasi ya sentimita 15 chini yake, na katikati weka bamba la milimita 1.5 la kukinga joto, likiwa na hewa pande zote mbili. Bila hiyo rangi ya epoksi ya ChumviNaChuma itaungua msimu wa kwanza, kwa sababu haivumilii zaidi ya nyuzi 120 hivi, na kutu itaanzia hapo hapo.

MchomajiKisauni:
Shukran sana. Basi nachukua 75x50x3. Maswali mawili: ninunue tyubu ngapi, na je, nipeleke fremu nzima ikachovywe zinki badala ya kupaka rangi?

Fundi_Shimanzi:
Tyubu 3 za mita 6. Ya kwanza: mihimili miwili ya mita 2.4 na taruma (chuma cha kukingama kati ya mihimili) moja la mita 1. Ya pili: mikono miwili ya kuvuta ya mita 1.8 na mataruma mawili ya mita 1. Ya tatu: taruma la nne, na inayobaki ni miguu ya kusimamia kwenye pembe nne na vishikio vya madigadi. Pima kwanza, maana nyengine huja mita 5.8. Ukikuta hivyo, mataruma yote yawe sentimita 98, usipunguze mihimili.

Mataruma yakae hivi: mbele kabisa, sentimita 50 nyuma yake, juu ya ekseli, na nyuma kabisa. Mikono ya kuvuta isiishie kwenye taruma la mbele. Ipite chini yake hadi taruma la pili, ichomelewe kwenye yote mawili. Ikiishia mbele tu, mshono mmoja unabeba kila kitu.

Ekseli iweke mita 1.4 kutoka mbele ya fremu. Kwa vipimo vyako uzito unakaa kama mita 1.14, na mpira wa kuvutia (lile tufe la chuma nyuma ya pikapu) uko mita 2.6 mbele ya ekseli, kwa hiyo mkono utabeba kama asilimia 10 ya mzigo. Ukipungua sana hapo trela linatikisa mkia pikapu ikishika kasi. Lakini usichomelee vishikio vya springi kabla ya kuweka jiko na kupima kwa mizani ya bafuni chini ya mkono. Unataka kilo 43 hadi 60. Springi zenyewe usiziguse kwa moto hata kidogo, zitakatika.

Kuchomelea: rodi 6013 za milimita 2.5, ampea 70 hadi 90, zinatosha fremu. Chini ya mhimili, karibu na ekseli, usivute mshono wa kukata mhimili kwa upana. Weka bamba la milimita 6 lenye ncha za mshazari, na lichomelewe kwa urefu tu. Mipasuko yote huanzia kwenye ule mshono wa kukingama upande wa chini.

ChumviNaChuma:
Kuchovya ni bora kuliko rangi yoyote, lakini uamue sasa, kabla ya kuziba ncha. Zinki ya kiwandani ina nyuzi 450. Tyubu iliyozibwa ikizamishwa humo, hewa na unyevu wa ndani hupasua chuma na kuwajeruhi watu. Lazima kila tyubu iwe na matundu mawili ya milimita 12 au zaidi, kwenye kona za ncha zote mbili, zinki iingie na kutoka. Na mataruma, kwa kuwa yameungwa kwenye mihimili, kila moja lipate yake. Waulize watu wa kiwanda kwanza matundu wanayataka wapi na bwawa lao la kuchovya lina urefu gani. Yote ya kuchomelea yaishe kabla, pamoja na vishikio vya taa. Jiko lisiende huko, fremu tupu tu.

Ukichovya, unabaki na mfumo wa matundu wazi. Usijaribu kuyaziba baadaye kwa silikoni.

Mwana_wa_Dohani:
Na ukichovya, miguu ya sanduku la moto niliyosema ichomelewe, ichomelewe kwenye vishikio vyake, si kwenye fremu: vishikio hivyo, lile eneo la sentimita 60 nyuma, viwe vya kufungwa kwa bolti, vikae nje ya zinki, vipakwe rangi ya silikoni ya joto kali. Nyaya za taa zipite mhimili ulio mbali na mlango wa kuni, kwa kuwa makaa huanguka upande huo. Bomba la kutolea mafuta ya nyama liwe na vali, na litokee nje ya fremu kwa sentimita 10. Mafuta yakidondokea kwenye mhimili kila siku, rangi hulainika na moto hupata njia.

Jambo la mwisho kabla hujawasha mashine: kama hilo tangi liliwahi kubeba gesi au mafuta, fungua vali, lijaze maji hadi juu, limwage, lijaze tena, na ukate likiwa na maji. Na trela lazima lisajiliwe NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani), namba yake huanza na Z, kwa hiyo acha nafasi ya kibao na viakisi nyuma, mbali na sanduku la moto.

MchomajiKisauni:
Nimeelewa. Nitaulizia urefu wa bwawa kwanza, kisha ndio ninunue tyubu.