Jogoo anashambulia watoto: nimfundishe, nimfungie, nimuuze au nimchinje?

Bibi wa Bombo
Assalaam aleikum ndugu zangu. Nina jogoo wa kienyeji, ametimiza mwaka na miezi miwili, mwekundu mwenye mkia mweusi. Tumempa jina Jemadari. Matetea ninao 9.

Kwanza nimtendee haki. Miezi minne iliyopita mwewe aliteremka uani, vifaranga wana siku nne tu. Jemadari alimrukia kabla hajagusa chini, manyoya yakatawanyika mpaka kwenye sufuria yangu, mwewe akaondoka makucha matupu. Vifaranga 12, wote wakapona. Tangu siku hiyo nilimpa mahindi kwa mkono wangu.

Baada ya Idi akaanza kunivamia nikimpa mgongo. Nilivumilia. Jumanne iliyopita mjukuu wangu wa miaka minne alikwenda kuchukua kandambili zake mlangoni pa jiko. Jogoo akamjia mbio, shingo imetuna, akaruka na kumpiga shavuni kwa miguu yote miwili. Kati ya jeraha na jicho ni upana wa kidole changu kimoja. Sasa mtoto hataki kwenda chooni mpaka abebwe.

Mwanangu anataka achinjwe leo. Mimi nawaza pia kumkata vipi (ile miiba ya miguuni), kumtengea banda, kumuuza ikikaribia Krismasi bei zikipanda, au kumpeleka kwa kaka yangu Luwero. Naomba ushauri wa mtu aliyepitia, asiwe wa kusikia tu.

Mama Tororo
Pole sana mama. Kabla ya jogoo, mtoto: jeraha lilioshwa? Amechomwa sindano ya pepopunda? Kipi cha jogoo kinakanyaga kinyesi mchana kutwa.

Bibi wa Bombo
Ahsante mwanangu. Tuliosha kwa sabuni na maji mengi palepale, tukaenda kituo cha afya, akachomwa. Halijavimba.

Kijana wa Arua
Shikamoo bibi. Mimi nilimfundisha wangu, kwa hiyo nitaeleza nilivyofanya na palipokwama.

Jambo la kwanza, asipigwe teke. Nilimpiga mara mbili akazidi, kwa sababu kwake ule ni mwaliko wa vita. Na ukimkimbia amekushinda, kesho anakungoja mlangoni. Nilijifunza kumsoma mapema. Kabla hajaruka anashusha bawa moja mpaka liguse vumbi, anakwenda upande upande, anadonoa chini ingawa hapana chakula. Hapo nilikuwa nasimama, kisha namwendea polepole mpaka anipishe njia. Jioni akishapanda kulala namfunika kwa leso, namtoa, natembea naye kwapani dakika kumi, nikikishusha kichwa chake taratibu kila anapokiinua. Siku ya kwanza alinichana mkono. Wiki ya tatu alikuwa akiniona anageuza njia.

Lakini aliniheshimu mimi peke yangu. Dada yangu alikuja na gamubuti nyekundu, akarukiwa kabla hajatoa salamu. Mtoto wa miaka minne hawezi kusimama imara mbele ya jogoo, na hatupaswi kumtaka aweze. Kwa nyumba yako bibi, mafunzo hayatoshi.

Mwalimu wa Mbale
Nami nitete upande wa kumtengea. Wangu alikaa miaka miwili nyuma ya uzio wa waya na mafunjo, na matetea sita humo humo. Maji na chakula nilimpitishia kwenye tundu, nikiingia kufagia nilishika kifuniko cha debe kama ngao. Vifaranga wake walikuwa wagumu, mwewe hakuwapata. Sijutii hata kidogo.

Ila watoto wangu walikuwa wakubwa, na uwanja ninao. Kama kwenu ni ua mmoja wa kupikia, kufulia na kuchezea, siku moja mlango utasahauliwa wazi. Na tafadhali usimfunge kamba mguuni kutwa nzima juani. Anajikata, na anazidi uchungu.

Afisa Mifugo, Mukono
Nimewasoma wote. Niongeze yale ninayokutana nayo kazini.

Ukali huu huanza pora, yaani jogoo kijana, anapobalehe, kati ya miezi mitano na minane, na kwa wengine huchelewa. Mara nyingi ni wale waliolelewa mikononi, wakalishwa kama watoto wa nyumbani. Hawatuogopi, kwa hiyo wanatuona majogoo wenzao. Mama, mahindi ya mkononi uliyatoa kwa shukrani, naelewa, lakini yalimwondolea hofu iliyobaki. Sehemu nyingine ni damu: tabia hii hurithiwa. Kwa sababu hiyo mimi nisingeatamisha mayai yake, hata kama ni shujaa wa mwewe. Mkiamua aondoke, mjue tetea anaweza kutaga mayai yenye mbegu yake kwa wiki mbili au zaidi baadaye. Hayo mle tu.

Kuhusu vipi: ndani ya kipi mna mfupa hai wenye damu. Kinachokatwa ni ncha tu, kisha unaisugua kwa tupa mpaka iwe butu. Damu ikitoka, bana kwa unga wa ngano. Wapo wanaochomeka kiazi cha moto ili ganda lote ling'oke. Nimeona miguu iliyoungua kwa njia hiyo, siishauri. Hata ukikata vizuri umepunguza jeraha tu, shambulio liko palepale. Kucha na mdomo anabaki navyo.

Kuna atakayesema ahasiwe. Korodani za kuku ziko ndani ya mwili, juu karibu na figo, hazining'inii kama za mbuzi. Jogoo mzima ukimpasua nyumbani atakufia mikononi kwa kuvuja damu. Msijaribu.

Na matetea hawahitaji jogoo ili watage. Wanamhitaji ukitaka vifaranga, na hapo mmoja anatosha matetea kumi.

Muuza Kuku, Kalerwe
Mama, kwenye kuuza nitasema wazi kwa sababu liliniuma. Niliwahi kupokea jogoo mzuri, kifua kipana, nikamuuza kwa mama mmoja aliyetaka wa kufuga. Aliyeniletea hakunieleza tabia yake. Baada ya siku tano yule mama akarudi na binti yake, kitambaa kwenye goti. Nilirudisha fedha zote, lakini goti la mtoto sikuweza kulirudisha. Tangu hapo nauliza kila anayeleta jogoo: kwa nini unamtoa?

Kwa hiyo ukimuuza, uza kwa wa hoteli au wa nyama, na useme. Mnunuzi wa nyama hajali, anabonyeza kifua na kupima uzito mkononi. Kumngoja Krismasi sikubaliani. Hiyo nyongeza ya bei haifiki thamani ya jicho.

Ndugu wa Masaka
Mngeuliza majirani Waganda kama kuna kwanjula karibu, ile sherehe ya bwana harusi kutambulishwa kwa wakwe. Jogoo wa muko, yule anayekabidhiwa kaka wa bibi harusi, hutafutwa mkubwa na mwenye sura. Jemadari anafaa kabisa.

Mama Tororo
Anafaa kwa sura. Lakini muko akiamua kumfuga badala ya kumla? Tutakuwa tumerudi kwa yule binti wa Kalerwe.

Bibi wa Bombo
Nimesoma kila neno, Mungu awalipe. Luwero nimeifuta. Kaka yangu ana watoto watano, na kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Angefungwa mpapaini akateseka, siku akikatika kamba akamjeruhi mtoto wa mwingine. Banda la peke yake sina pa kuliweka. Na yule kijana wa Arua amenifungua macho: hata mimi nikimtawala, mjukuu atabaki palepale.

Bibi wa Bombo (siku kumi na moja baadaye)
Narudisha habari kama ilivyo desturi. Ijumaa alfajiri, kabla hajashuka kwenye kijiti chake, mwanangu alimshika kwa leso, akamlaza kuelekea kibla, bismillah, kisu kikali, mara moja. Sikutaka afukuzwe uani na kufa kwa hofu. Nilitazama, maana mimi ndiye niliyemlea.

Nyama ilikuwa ngumu kama nilivyotarajia. Niliiacha ipumzike mpaka kesho yake, kisha ikakaa juu ya sigiri kwa muda wa saa tatu na nusu, moto mdogo, tangawizi na vitunguu. Nusu nilimpelekea jirani, akaipika luwombo, yaani imefungwa ndani ya jani la mgomba, kwa mchuzi wa karanga.

Mjukuu siku mbili za kwanza alichungulia tu mlangoni. Siku ya tatu alishuka hatua moja akauliza, "Hayupo?" Nikamwambia hayupo. Akaenda chooni mwenyewe, akarudi mbio, lakini alikwenda mwenyewe.

Nimenunua pora wa miezi sita. Nilikaa kwa muuzaji karibu saa nzima nikiwatazama wote, nikachagua yule anayempisha mtu njia bila kupiga kelele. Simlishi mkononi, namwagia chini pamoja na wenzake. Jana mwewe alipita juu. Pora akatoa ule mlio wa hatari, matetea wakaingia chini ya migomba, naye akawafuata. Kupigana hajui. Kwa hiyo banda la vifaranga nimelifunika kwa wavu mkuukuu wa samaki, nimeukaza kwa misumari pande zote nne.

Afisa Mifugo, Mukono
Wavu ni sawa kabisa mama. Angalia matundu yasiwe makubwa kuliko kichwa cha kifaranga, wasije wakanyongeka.

Bibi wa Bombo
Nakwenda kupima sasa hivi.